Mungu Ubavuni mwa Basi: Matangazo ya Wakanamungu na Jibu la Waamini

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei





Katika nchi zetu za Afrika Mashariki, basi lisilobeba neno la Mungu ni la kutafuta kwa kurunzi. Ukisimama kituoni robo saa utasoma kwenye vioo vya daladala na matatu kwamba Mungu ni mwema, kwamba Yesu ni jibu, kwamba hakuna kama Allah, na mara nyingine kwamba mwenye wivu ajinyonge. Hakuna anayelalamika. Tumezoea kusafiri chini ya maandishi hayo kama tulivyozoea honi. Kwa hiyo si rahisi kwetu kuwazia hali ya mji mkubwa ambamo mabasi hupita mchana kutwa yakiwa yameandikwa ubavuni kwamba yaelekea Mungu hayupo. Jambo hilo lilitokea kweli, katika London na miji mingine ya Uingereza, mwezi Januari 2009, na matangazo ya namna hiyo yakaonekana pia Hispania, Ujerumani, Kanada, Marekani na kwingineko. Tume yetu imeombwa kulieleza na kutoa maoni yake. Tunafanya hivyo kwa sababu ndani ya mkasa huo mna maswali ya haki ambayo Kanisa haliwezi kuyakwepa, na kwa sababu mkasa wenyewe haukuanzishwa na wakanamungu.

Ulianzishwa na tangazo la Kikristo. Mnamo Juni 2008, mwandishi wa vichekesho aitwaye Ariane Sherine aliona ubavuni mwa mabasi ya London tangazo lililoweka mbele ya wapita njia swali la Bwana wetu katika Injili ya Luka, sura ya 18, la kama Mwana wa Adamu ataikuta imani duniani siku atakapokuja. Chini yake paliandikwa anwani ya tovuti. Alipoifungua, alikuta maelezo kwamba wote wasiomkubali Yesu watakaa milele katika mateso ya jehanamu. Tarehe 20 Juni aliandika makala katika gazeti la Guardian, akapendekeza kwamba wasioamini wachange pauni tano kila mmoja, ili nao walipie tangazo lenye neno la kutuliza roho badala ya neno la kuogofya.

Hapo tunaomba tusimame kidogo, maana wengi wanaosimulia habari hii huanzia kwenye tangazo la wakanamungu, na hivyo huona upande mmoja tu wa shilingi. Huyu mama hakuamka asubuhi moja akaamua kumpiga vita Mungu. Alikuwa abiria, akasoma, akataka kujua zaidi, akafuata njia aliyoelekezwa na Wakristo wenyewe, na mwishoni mwa njia hiyo akakuta moto. Hatusemi kwamba Kanisa liache kufundisha juu ya hukumu. Hukumu imo katika Injili na imo katika Kanuni ya Imani tunayoisali kila Dominika. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mama amwonyaye mwanawe asichezee moto, na jirani apitaye uchochoroni akiwatangazia watoto wa watu kwamba wataungua. Wa kwanza anajulikana kwa mapenzi yake. Wa pili hajulikani kwa lolote ila kwa tishio lake. Tangazo la biashara, kwa umbile lake, humweka msemaji mahali pa yule jirani. Halina uso, halina historia na asomaye, halina subira ya kusikiliza jibu. Kulitumia kupelekea habari ya jehanamu ni sawa na kutuma hati ya wito wa mahakama mahali palipohitaji mgeni wa kubisha hodi.

Kampeni yenyewe ilizinduliwa rasmi tarehe 21 Oktoba 2008, ikiungwa mkono na Chama cha Wahumanisti cha Uingereza, yaani watu wanaotafuta kuishi kwa uadilifu bila dini. Lengo lilikuwa pauni 5,500, zilizotosha kuweka tangazo kwenye mabasi 30 ya London kwa majuma manne, na mwanasayansi Richard Dawkins aliahidi kutoa kiasi kama hicho kutoka mfukoni mwake. Lengo lilifikiwa asubuhi ileile. Michango iliendelea kumiminika mpaka ikapita pauni 150,000. Ndipo tarehe 6 Januari 2009, ambayo kwetu ni sikukuu ya Epifania, mabasi 800 yakaingia barabarani katika Uingereza yote, 200 kati yake yakiwa ya London. Maneno yake, tukiyaweka kwa Kiswahili, yalisema: "Yaelekea Mungu hayupo. Basi acha wasiwasi, ufurahie maisha yako."

Neno "yaelekea" lilizua mjadala wa pekee. Dawkins angependelea neno zito zaidi, lenye maana ya "karibu ni hakika". Lakini wahusika wa kanuni za matangazo walikuwa wameshauri kwamba neno la kulegeza kauli lingepunguza uwezekano wa kuwaudhi watu na kuvunja kanuni. Wengine walikumbuka tangazo la bia moja mashuhuri, iliyojisifu kwa miaka mingi kuwa labda ndiyo bia bora duniani. Sisi tunaona kwamba neno hilo dogo ndilo lililokuwa na unyenyekevu kuliko yote katika tangazo lile, na kwamba baadhi ya Wakristo waliolicheka wangefaidika kulitafakari. Anayesema "yaelekea" ameacha mlango wazi. Si kila aliyejibu aliuacha wazi.

Majibu yalikuwa ya kila namna. Mamlaka ya Viwango vya Matangazo ilipokea malalamiko 326. Miongoni mwa walalamikaji walikuwamo walioshika hoja ya kisheria kwamba mtangazaji hutakiwa kuthibitisha anachokidai, basi na hawa walete ushahidi kwamba Mungu hayupo. Hoja hiyo yaweza kuonekana ya werevu, lakini ni mtego unaomnasa aliyeutega. Kama ofisi ya serikali au ya wafanyabiashara ingekubali kupima kwa ushahidi tangazo la asiyeamini, kesho yake ingelazimika kupima kwa kipimo kilekile tangazo la mkutano wa Injili, na kuuliza risiti ya ufufuko. Tarehe 21 Januari 2009 Mamlaka ilitoa uamuzi kwamba tangazo lilikuwa maoni ya mtoaji wake, kwamba madai yake si ya aina inayoweza kuthibitishwa kwa vipimo, na kwamba halikuvunja kanuni. Kwa maoni yetu uamuzi huo ulilinda Kanisa kuliko walalamikaji walivyotambua.

Dereva mmoja wa Southampton, Mkristo, alikataa kuendesha basi lenye tangazo lile. Mwajiri wake akakubali kumpangia mabasi mengine kadiri ilivyowezekana. Hilo lilikuwa jambo la dhamiri, nalo lilimalizwa kwa busara, bila mtu kufukuzwa kazi na bila basi kuchomwa moto. Tunalitaja kwa kupita, ingawa magazeti yalilishikilia kwa siku kadhaa.

Kanisa la Kimethodisti lilichukua njia tofauti. Msemaji wake alimshukuru Dawkins, kwa utani kidogo, kwa kuendelea kumjali Mungu, akasema kampeni itakuwa na faida ikiwa itawafanya watu wayakabili maswali mazito ya maisha. Theos, kituo cha utafiti juu ya imani na jamii kilichoanzishwa mwaka 2006 kwa kuungwa mkono na Askofu Mkuu wa Canterbury pamoja na Kardinali wa Westminster, kilikwenda mbali zaidi: kiliichangia kampeni yenyewe pauni 50, kwa maelezo kwamba tangazo la namna hiyo huwafanya watu wamfikirie Mungu. Baadhi ya ndugu zetu wanaweza kuona hayo ni mzaha. Tunadhani ni mzaha wa mtu asiyeogopa. Mwenye nyumba iliyojengwa juu ya mwamba hatoki nje na panga kila jirani anaposema upepo unavuma.

Mwezi Februari 2009 mabasi ya London yakabeba majibu ya Wakristo wengine. Chama kimoja cha siasa chenye jina la Kikristo kiliandika kwamba Mungu yupo bila shaka, basi watu wajiunge na chama hicho na wafurahie maisha yao. Shirika moja la Biblia lilichagua mstari wa Zaburi ya 53, unaomwita mpumbavu yule asemaye moyoni kwamba hakuna Mungu. Jibu la tatu, lililotoka kwa Waorthodoksi wa Kirusi, liliwaambia watu kwamba Mungu yupo, waamini, wasiwe na wasiwasi, wafurahie maisha. Tangazo la chama cha siasa ndilo lililoleta malalamiko mengi kuliko tangazo lolote lingine la mwaka ule, zaidi ya 1,000, yaani kuliko lile la wakanamungu. Mamlaka haikulishughulikia, kwa kuwa matangazo ya vyama vya siasa hayako chini yake.

Tuyapime majibu hayo bila upendeleo. La kwanza lilimfanya Mungu kuwa kadi ya uanachama. Ndugu zangu, sisi tunaoishi katika nchi za kampeni na bendera tunajua jinsi inavyouma kumwona Mungu akipandishwa jukwaani kumwombea mgombea kura. La pili lilitumia Neno takatifu kama jiwe. Mstari wa Zaburi ni wa kweli mahali pake, ambapo mtunzi anawashutumu watendao maovu, wawalao watu wa Mungu kama walavyo mkate. Mpumbavu wa Zaburi ni mdhalimu anayeishi kana kwamba hakuna wa kumwuliza. Wapumbavu wa namna hiyo, tukisema kweli, wengine hukaa viti vya mbele kanisani. Kuuchomoa mstari huo na kumbandikia kila mtu mwenye mashaka, akiwamo kijana aliyemzika mama yake juzi na sasa hawezi kusali, ni kulidhulumu Neno na kumdhulumu kijana. La tatu lilikuwa na upole, na hatuna ugomvi nalo, ila lilirudia tu wimbo wa mwenzake kwa kubadili neno moja. Hakuna hata moja kati ya hayo matatu lililomjibu mama yule aliyesoma habari za moto.

Jibu lililotupendeza zaidi lilikuja baadaye mwaka uleule, kutoka kwa waendeshaji wa kozi za Alpha, ambazo huwaalika watu kula pamoja na kuuliza maswali juu ya imani ya Kikristo. Matangazo yao yaliuliza kama Mungu yupo, yakaweka visanduku vitatu vya kutia alama: ndiyo, hapana, yaelekea. Tangazo hilo halikumwita yeyote mpumbavu, wala halikumtisha. Lilimwalika mtu mezani, na huko mezani palikuwa na watu wenye nyuso.

Tuyaangalie sasa maneno yenyewe ya wakanamungu, kwa kuwa hapo ndipo Tume ya Haki na Amani ina la kusema ambalo wanateolojia huenda wakalipita. "Acha wasiwasi, ufurahie maisha yako." Maneno haya yanadhani mambo mawili. La kwanza ni kwamba wasiwasi wa binadamu unatoka kwa Mungu. La pili ni kwamba abiria ana maisha ya kufurahiwa, na kinachomzuia ni dini tu. Januari 2009 ilikuwa majira ya baridi kali ya kiuchumi. Mabenki makubwa yalikuwa yametikisika miezi michache kabla, watu walikuwa wakipoteza kazi na nyumba. Ndani ya mabasi ya alfajiri ya London huketi wafagiaji wa maofisi, wapishi, walinzi na wauguzi wanaotoka zamu ya usiku, wengi wao wahamiaji, na miongoni mwao wamo watoto wa Afrika. Mtu wa namna hiyo akisoma kwamba aache wasiwasi kwa kuwa Mungu hayupo, ameambiwa nini? Wasiwasi wake ni kodi ya chumba, ni karatasi za uhamiaji, ni fedha ya kutuma nyumbani. Mara nyingi imani ndiyo iliyomwamsha saa kumi usiku na kumpa nguvu ya kupanda basi hilo. Tangazo lile lilitungwa na watu ambao shida yao na Mungu ilikuwa vitisho, likasomwa na watu ambao Mungu kwao ni fimbo ya kutembelea.

Lakini tusijipongeze mapema. Kama kuna watu ambao jina la Mungu likitajwa hupatwa na hofu, ni nani aliyewafundisha hofu hiyo? Hapo tunakumbushwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Katika Hati ya Kichungaji juu ya Kanisa katika Ulimwengu wa Kisasa, iliyotolewa tarehe 7 Desemba 1965, namba 19, Mababa wa Mtaguso hawakuishia kuwalaumu wasioamini. Walikiri kwamba waamini wenyewe wanaweza kuwa na sehemu si ndogo katika kuzaliwa kwa ukanamungu, pale wanapoacha kujielimisha katika imani, wanapoifundisha kwa namna ya kupotosha, au wanapokosa katika maisha yao ya dini, ya maadili na ya kijamii, hata wakaufunika uso wa Mungu badala ya kuufunua. Na namba 21 inaeleza kwamba dawa yake ni mafundisho yaliyoelezwa inavyopasa pamoja na maisha mazima ya Kanisa na ya waamini. Dawa hizo mbili hazipatikani kwa ofisi inayouza nafasi za matangazo.

Namba hiyo ya 21 ina neno jingine ambalo mara nyingi hatulisikii likihubiriwa. Kanisa, huku likiukataa ukanamungu kabisa, linasema wanaoamini na wasioamini hawana budi kushirikiana katika kuujenga ulimwengu huu wanamoishi pamoja, na kwamba hilo haliwezekani bila mazungumzo ya kweli na ya busara. Tena linasikitikia ubaguzi kati ya waamini na wasioamini unaofanywa na baadhi ya watawala. Wakati huo Mababa walikuwa wakiwafikiria hasa Wakristo waliobanwa na serikali za kikomunisti. Hata hivyo kanuni ni msumeno. Hukata mbele na nyuma.

Jinsi msumeno huo unavyokata ilionekana katika nchi mbalimbali. Huko Genoa, Italia, mwanzoni mwa 2009, wasioamini walitaka kuandika kwenye mabasi kwamba habari mbaya ni kuwa Mungu hayupo, na habari njema ni kuwa humhitaji. Kampuni iliyouza nafasi za matangazo ikakataa. Ujerumani, mashirika ya usafiri ya miji kadhaa nayo yalikataa. Wakanamungu wakakodi basi lao wenyewe, wakazunguka nalo katika nchi. Kundi la Wakristo likakodi basi lake na kulifuata mji hadi mji, likiuliza: na je, ikiwa yupo? Mtu aweza kutabasamu, lakini tunaona katika hilo afadhali kubwa kuliko kufunga milango. Mabasi mawili yakiwa katika mji mmoja, watu husimama, huuliza, husikia pande zote mbili, kisha huenda zao kunywa chai.

Mfano wa kufikirisha zaidi ni wa Marekani. Katika mji mkuu, Washington, mwishoni mwa 2008, Wahumanisti walibandika kwenye mabasi tangazo lililouliza kwa nini mtu amwamini Mungu, likashauri kuwa mwema kwa ajili ya wema wenyewe. Lilizua manung'uniko, lakini lilibaki. Miaka ikapita. Mwaka 2015, kufuatia mzozo juu ya tangazo lenye mchoro wa Mtume Muhammad, mamlaka ya usafiri ya mji huo iliamua kutopokea tena matangazo ya mambo yenye mabishano, na ikapiga marufuku kila tangazo linalotetea au kupinga dini au imani yoyote. Uamuzi huo ulionekana wa haki, kwa vile uliwanyamazisha wote sawasawa. Basi yakafika majilio ya mwaka 2017. Jimbo Kuu Katoliki la Washington lilitaka kubandika kwenye mabasi picha ya wachungaji usiku chini ya nyota, na maneno ya kuwaalika watu watafute zawadi iliyo kamilifu. Tangazo halikumtaja hata Yesu kwa jina. Lilikataliwa. Maduka yaliruhusiwa kutangaza bidhaa za Krismasi. Kanisa halikuruhusiwa kutangaza Krismasi. Jimbo likaenda mahakamani, likashindwa katika Mahakama ya Rufani mwaka 2018, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikakataa kulisikiliza shauri.

Wakati huohuo, katika jimbo la Pennsylvania, shirika la mabasi la wilaya ya Lackawanna lilikuwa limelikatalia kundi la wasioamini tangazo ambalo kiini chake kilikuwa neno moja tu, "Wakanamungu", pamoja na anwani yao. Nao wakaenda mahakamani, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ya eneo lao ikawapa haki: shirika la umma halikuwa na ruhusa ya kuwafungia kwa sababu hiyo. Ziwekeni kesi hizo mbili kandokando. Askofu Mkuu na wakanamungu walisimama mbele ya mahakama wakidai kitu kilekile, kwamba uwanja wa watu wote usiwe wa muuza viatu peke yake. Wakatoliki waliokuwa wakifurahia tangazo la wakanamungu kukataliwa walikuwa, bila kujua, wakishangilia mkono uleule uliokuja kung'oa nyota ya Bethlehemu ubavuni mwa basi.

Kwetu huku, kampeni ya mabasi ya aina ile haijawa jambo letu. Lakini swali lenyewe limekwisha kubisha hodi. Nchini Kenya, mwaka 2016, chama cha wasioamini Mungu kilisajiliwa, na miezi michache baadaye usajili wake ukasimamishwa na serikali baada ya malalamiko, yakiwamo ya watu wa dini. Tunaelewa uchungu uliowasukuma waliolalamika. Hatuelewi faida waliyoitafuta. Tanzania nayo, Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inatambua uhuru wa kila mtu wa mawazo na wa imani, pamoja na uhuru wa kuibadilisha. Na Tamko la Mtaguso juu ya Uhuru wa Dini, la mwaka 1965, linaujenga uhuru huo juu ya hadhi ya binadamu mwenyewe, hata linasema haki hiyo inabaki kwa wale wasiotimiza wajibu wao wa kuutafuta ukweli, mradi tu utulivu wa haki wa jamii usivunjwe.

Kuhusu utulivu huo, sisi si wageni. Wenye umri wa kutosha wanaikumbuka mihadhara ya miaka ya 1980 na 1990, vipaza sauti vikielekezwa upande wa msikiti na upande wa kanisa, kila mmoja akikichambua kitabu cha mwenzake mbele ya umati. Wanakumbuka pia Aprili 1993, mabucha ya nguruwe yaliposhambuliwa jijini Dar es Salaam. Tulijifunza wakati ule kwamba neno la hadhara laweza kuwa kiberiti. Hata hivyo tofauti ipo, tena hainabudi kufundishwa katika jumuiya zetu: kusema "siamini" si sawa na kumtukana anayeamini. Asemaye la kwanza ana haki ya kusikilizwa. Asemaye la pili, awe mkanamungu au mhubiri wetu wenyewe mwenye spika mbili juu ya gari, anapaswa kuonywa.

Wapo wanaodhani kwamba matangazo yale ndiyo yaliyomaliza imani Uingereza. Hesabu haziwaungi mkono. Katika sensa ya England na Wales ya mwaka 2001, waliojitaja kuwa Wakristo walikuwa asilimia 72. Mwaka 2011 walikuwa asilimia 59, na mwaka 2021 asilimia 46, huku waliosema hawana dini wakifikia asilimia 37. Mteremko ulioanza zamani na ukaendelea miaka kumi na miwili baada ya mabasi kuoshwa hauwezi kuwa kazi ya majuma manne ya matangazo. Watu hao waliondoka kimya, mmoja mmoja, wengi bila kukosana na yeyote, na mara nyingi bila mtu kubisha mlangoni kwao kuuliza kulikoni. Hilo la kutobishiwa mlango linatuhusu zaidi kuliko mabango, na tunawaomba viongozi wa jumuiya walipeleke nyumbani kama swali: katika mwaka uliopita, ni nani aliyeacha kuja kusali, na ni nani kati yetu amekwenda kumsikiliza, si kumkemea?

Limebaki swali moja, ambalo tuliletewa kwa maandishi na viongozi wa vijana kabla ya semina hii. Wanauliza: likitokea bango la wakanamungu katika mji wetu, parokia iandamane, iandike barua kwa mkuu wa wilaya, au ikae kimya?

Jibu letu ni hili. Lisomwe kwanza, neno kwa neno, kabla ya kuamini lililosimuliwa juu yake. Ikiwa linatukana watu, au linachochea chuki dhidi ya Wakristo, Waislamu au wengine wowote, parokia ilalamike kwa wanaohusika kwa kanuni zilezile ambazo ingekubali kuhukumiwa nazo, na ishirikiane na viongozi wa dini nyingine. Ikiwa linasema tu kwamba Mungu hayupo, hakuna maandamano wala barua kwa mkuu wa wilaya, wala asichanwe mtu bango lake usiku. Walioliweka watafutwe. Waalikwe ukumbi wa parokia, mchana, milango ikiwa wazi, na katekista pamoja na vijana walioandaliwa vizuri wakae nao. Waulizwe kwanza walisikia nini juu ya Mungu, na walisikia kwa nani. Gharama ya soda Tume iko tayari kuchangia.